Jungu la Tope

Harage bichi hulitambui kwa kulitazama. Mpishi huchota moja kwa mwiko, akalibinya kwa vidole viwili. Likikataa kupondeka, anaongeza kuni. Anajua kwamba shibe imo humo ndani tangu asubuhi, ila tumbo halitaifikia mpaka moto ulainishe ganda.

Upishi wa namna hiyo unafanyika kila siku katika mtambo wa majitaka wa Blue Plains, kando ya Mto Potomac jijini Washington, Marekani. Walaji ni bakteria wanaoishi pasipo hewa. Chakula chao ni tope linalobaki baada ya maji ya vyooni, bafuni na jikoni kusafishwa.

Tope hilo lina ukaidi wake. Sehemu yake kubwa ni miili ya bakteria wengine, wale waliofugwa kwenye matangi yanayopulizwa hewa ili wale uchafu uliomo majini. Kazi yao ikiisha, wao wenyewe hugeuka kitoweo. Lakini kila seli imejikinga kwa ukuta mgumu, na seli kwa seli zimegandamana kwa ute. Lipeleke tope bichi moja kwa moja kwenye tangi la mmeng'enyo, na walaji watashinda siku nyingi wakiguguna kuta kabla ya kuonja kilichomo. Sehemu kubwa ya tope itatoka vilevile ilivyoingia.

Ndiyo maana linapikwa kwanza. Linaanza kwa kukamuliwa, maana kuchemsha maji ya ziada ni kuteketeza kuni bure. Linabaki zito, yabisi ikiwa asilimia 16 hadi 18. Kwenye tangi la kwanza linapashwa mpaka likaribie nyuzi 100. Kisha linasukumwa ndani ya mtungi wa chuma unaofungwa barabara, mvuke unaingizwa, joto linapanda hadi nyuzi 165 hivi na presha inafikia takriban mara sita hadi saba ya ile ya hewa tunayovuta. Hapo linaachwa kwa dakika 20 mpaka 30. Hakuna yai la mnyoo wala kidudu cha kuhara kinachovuka dakika hizo.

Halafu linakuja tendo tamu kuliko yote. Tope linaachiliwa kwa ghafla kwenda kwenye tangi lenye presha ndogo. Maji yaliyokuwa yamebanwa ndani ya seli yanafoka kuwa mvuke, na kuta zilizokwisha kulainika zinapasuka. Lililoingia kama ugali linatoka likimiminika kama uji. Mvuke uliofoka nao unakusanywa na kurudishwa kwenye tangi la kwanza, ukalipashe tope linalosubiri zamu. Mpiko mmoja unachochea moto wa mpiko unaofuata.

Mgeni angeuliza: mbona wasipandishe mpaka nyuzi 200, kazi iishe upesi? Hapo ndipo ustadi unapoonekana. Moto ukizidi, sukari na protini huungana na kuwa kahawia, kama mkate uliosahauliwa juu ya makaa. Kitu hicho bakteria hawakiwezi. Hupita tangi zima na kuyatia rangi maji yanayokamuliwa mwishoni. Na hata tope lililoiva sawasawa haliandaliwi likiwa la moto. Linaongezwa maji kiasi, maana protini iliyovunjika hutoa amonia, nayo ikikolea huwadhuru walaji. Linapozwa mpaka karibu nyuzi 40, joto ambamo walaji hao hustawi.

Upishi huu ulianzia Norway, katika mtambo wa karibu na mji wa Hamar, pembeni ya Ziwa Mjøsa, ambako kampuni ya Cambi iliuweka kazini katikati ya miaka ya 1990. Blue Plains ilipouzindua mwaka 2015, ilikuwa ya kwanza Amerika Kaskazini. Kwa kuwa tope lililopikwa humiminika, matangi hulishwa mlo mzito takriban mara mbili ya ule wa kawaida; kwa hiyo matangi manne, kila moja la mita za ujazo 14,000 hivi, yanatosha jiji zima na vitongoji vyake. Gesi wanayoitoa walaji huendesha mitambo ya umeme wa karibu megawati 10. Moshi wa moto wa mitambo hiyo ndio unaochemsha maji ya mvuke wa kupikia. Kwa maneno mengine, walaji ndio wanaolipa kuni.

Zamani tope la Blue Plains lilichanganywa na chokaa na kusombwa kwa malori mpaka mashambani. Siku hizi kinachobaki ni karibu nusu ya mzigo ule: udongo mweusi unaouzwa kwa jina la Bloom, ambao mtunza bustani anaushika kwa mkono mtupu na kuutia kwenye maua yake. Wahenga walikwisha sema, jungu kuu halikosi ukoko. Ukoko wa jungu hili unaotesha mboga.