Hariri ya Mgunga

Juu ya meza ninapoandikia pana kifukofuko kimoja. Umbo lake ni la yai la ndege mdogo, rangi yake ni kijivu inayoelekea kahawia, na ukikigonga kwa kucha kinalia kama ganda la karanga lililokauka juani. Kimejaa vinyweleo vifupi ambavyo sikushauri uviguse, kwani vinawasha kama upupu. Ncha moja ina tundu. Hapo ndipo alipotokea mwenye nyumba, na tundu hilo ndilo linalonipa haki ya kukaa nacho.

Watu wa pwani tumeijua hariri kwa karne nyingi. Katika karne ya 16 Wareno waliandika habari za nguo za hariri zilizofumwa Pate. Hata hivyo tumezoea kuiona hariri kuwa ni kitu cha ng'ambo, kinachokuja na jahazi na pepo za kaskazi. Kumbe ndani ya bara, katika nyika ya Ukambani, migunga inabeba hariri yake yenyewe matawini, na aliyeitengeneza hangoji upepo wa mtu.

Fundi huyo ni nondo ambaye wataalamu wanamwita Gonometa postica. Makao yake ni nyika kavu za Afrika, kuanzia Kenya hadi Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Ana ndugu yake wa kusini, Gonometa rufobrunnea, anayependa mti wa mopane. Huyu wetu ni wa migunga. Jike ni mkubwa, mnene, wa rangi ya kahawia. Dume ni mdogo, na mabawa yake yana sehemu zinazopenya mwanga. Hata vifukofuko vinasema: kikubwa kimefumwa na jike, kidogo na dume.

Maisha yake yamefungwa na mvua. Huko Mwingi, katika kaunti ya Kitui, vizazi huwa viwili kwa mwaka, vikifuata mvua za masika na za vuli. Migunga inapochipua, viwavi nao wanaanguliwa. Kiwavi kazi yake ni kula. Hula majani, hukua, hujivua ngozi, kisha hula tena, kwa sababu anakula kwa niaba ya siku zote zitakazofuata. Nondo mzima hali kitu. Nguvu za kuruka, za kutafuta mwenzi na za kutaga mayai zote ni akiba aliyoiweka akiwa kiwavi, na siku zake za mabawa ni chache mno.

Majani yakishamtosha, kiwavi huchagua kijitawi na kuanza kufuma. Hariri humtoka kinywani ikiwa majimaji, naye akiivuta hugeuka kuwa uzi. Yeye huuzungusha mwilini mwake huku kichwa kikienda kulia na kushoto, na katika ukuta ule huchomeka vinyweleo vyake vinavyowasha. Ndani ya ngome hiyo hugeuka pupa, na kiangazi kikiwa kirefu anaweza kungoja miezi kadhaa bila tone la maji. Sijui mjenzi mwingine anayejenga mara moja tu maishani, gizani, bila kufundishwa, akapatia.

Ni kweli kwamba si wote wanaofika. Wapo nyigu na inzi wanaotaga mayai yao juu au ndani ya kiwavi, wapo siafu, wapo ndege. Kila kifukofuko chenye tundu la nondo ni ushindi.

Sasa tazama ufundi wa binadamu unavyoungana na ule wa mdudu. Hariri mashuhuri duniani ni ya Bombyx mori, nondo wa China anayekula majani ya mforosadi. Ili uzi wake utoke mrefu bila kukatika, kifukofuko huchemshwa pupa akiwa bado ndani. Nondo huyo amefugwa kwa maelfu ya miaka hata amesahau kuruka. Hariri ya mgunga ina adabu nyingine. Taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, iliyoasisiwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, ilishirikiana na wanavijiji wa Mwingi kuhifadhi viwavi wachanga ndani ya vyandarua matawini, ili maadui wasiwafikie, na kuokota vifukofuko baada ya nondo kutoka. Methali inatuonya kwamba tukichelewa tutamkuta mwana si wetu. Katika kazi hii, anayechelewa ndiye anayefanya sawa.

Uzi wa kifukofuko kilichotobolewa hauzinguliki mzima, kwa hiyo husokotwa kama pamba. Kwanza vifukofuko huchemshwa katika maji ya magadi au sabuni hadi gundi iyeyuke na ukuta mgumu ulegee. Kisha huoshwa, hukaushwa, huchambuliwa kwa mkono, huchanwa, na ndipo usokotaji uanze. Kinachotoka ni uzi wenye rangi ya mchanga na ya asali. Huna haja ya kuutia rangi. Mgunga na jua vimeshautia.

Katika msitu wa Kakamega yuko fundi wa tabia tofauti, Anaphe panda, nondo mweupe wa maziwa mwenye mistari ya kahawia. Viwavi wake hula mkarati, hutembea kwa msafara, na hufuma pamoja mfuko mmoja mkubwa, kila mmoja akiwa na chumba chake ndani. Huo ni ujima wenyewe. Kutoka kwa jamaa zake wa Afrika Magharibi, Wayoruba wamefuma tangu zamani kitambaa kiitwacho sanyan, vazi la harusi na heshima. Nao Wasan wa Kalahari hutia vijiwe ndani ya vifukofuko vya Gonometa, wakavifunga miguuni kuwa njuga za ngoma. Nyumba aliyoihama nondo inaendelea kucheza.

Neno hariri tumelipata kwa Waarabu, na kwao herufi za mzizi wake ndizo zilezile za neno huru. Mara nyingi nimelifikiria hilo nikikitazama kifukofuko hiki. Hariri nyingi duniani imepatikana kwa mfumaji kufa ndani ya kazi yake. Hii imepatikana kwa mfumaji kuachwa aende zake.

Lakini nondo hawezi kufuma pasipo mti. Mgunga ukikatwa kuwa mkaa, huuzwa mara moja na habari yake ikaisha. Ukiachwa, hutoa kivuli, maganda ya kulisha mbuzi, na uzi kila baada ya mvua. Basi wewe unayepita nyikani na shoka begani, inua macho kabla hujainua mkono. Kifukofuko chenye tundu, chukua ukasokote. Kisicho na tundu, kiache: mwenyewe bado yumo.