Taa za Pate na Foleni ya Tunduma

Katika ushairi wetu wa pwani, anasa haijapata mtetezi. Kila inapotajwa huwa imekwisha kupandishwa kizimbani, na mashahidi ni walewale: dhahabu, hariri, udi, kitanda cha mpingo, na mwisho kaburi. Mtunzi akishayapanga hayo kwa vina na mizani huhesabu kuwa kazi imekwisha. Silaumu mawaidha. Ninalolalamikia ni orodha, kwa kuwa imechakaa, nayo haimwonyeshi msomaji anasa iliyo mbele ya macho yake.

Asili ya orodha hiyo twaijua. Katika Al-Inkishafi, utungo unaokadiriwa kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake na kuuonyesha majumba ya mabwana wa Pate: taa za kioo na za shaba zilizougeuza usiku kuwa mchana, na zidaka zilizopangwa vyombo vya kaure. Kisha anayarudia majumba hayohayo yakiwa magofu. Ndani ya zidaka wamelala makinda ya ndege. Juu wananing'inia popo. Sijui mtunzi mwingine aliyekitumia kitu kidogo kama kidaka kwa nguvu kiasi hicho. Waliomfuata waliazima vyombo vyake, wakaliacha jicho lake.

Maana jicho lile liliona vitu vya zama zake. Taa ilikuwa anasa kwa kuwa mwanga wa usiku ulikuwa mali ya wachache. Leo swichi ya taa haimvimbishi mtu kichwa, ila siku inapogoma. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Mei 2008 kwa takriban mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, mwenye jenereta alirudi kuwa bwana wa Pate kwa majirani zake. Na katika hoteli zetu za ufukweni mgeni hulipa fedha nyingi ale chakula chake kwa mwanga wa kandili, mwanga uleule ambao mvuvi wa jirani amehangaika miaka aukimbie. Kitu huingia katika anasa na kutoka. Mtunzi anayehesabu vitu atakuwa daima anahesabu vya jana.

Kuna kisichotoka? Nadhani kipo, na mahali pa kukitazama ni mbali kidogo na harufu ya chumvi: Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ni Nakonde ya Zambia. Reli ya TAZARA hupita hapo, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam. Malori hushuka na shaba ya Zambia na Kongo kuelekea bandarini, na hupanda na mafuta na bidhaa za dukani. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019 ili kupunguza kungoja, lakini foleni ya malori haijawa ngano ya kale.

Dereva aliye katika foleni hiyo hulala ndani ya gari, hupika kando ya gurudumu, hununua maji ya kuogea. Nyuma ya mgongo wake mna shaba, yaani nyaya za umeme za miji ambayo hataiona; taa za Pate, tuseme, zikiwa bado hazijawa taa. Kwake anasa ni kitanda, na kufika nyumbani siku aliyoahidi kufika. Mwenye shaba hasubiri. Amemlipa mwingine amsubirie.

Mkoani humohumo, Mbozi, mkulima huchuma kahawa ya arabika punje kwa punje, aziache mbichi, arudi kesho kwa zilizoiva. Huko iendako, uteuzi huo ndio unaoipa kahawa bei yake, na mnywaji huinywa kwa dakika tano. Sisi wa visiwani, tunaopiga soga huku dele la kahawa chungu likizunguka barazani, tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi. Kilichomo kikombeni ni asubuhi za mtu.

Kwa hiyo ninathubutu kuuuliza utungo mkubwa swali ambalo wenyewe haukujiuliza: taa zile, nani alizitia mafuta? Nani alikesha ili usiku wa bwana uwe mchana? Al-Inkishafi yawalilia waliomiliki. Nitajibiwa kuwa Sayyid Abdalla alikuwa akiwaidhi, hakuwa akiandika daftari la mishahara. Jibu hilo nalikubali kwake. Silikubali kwa mtunzi wa leo, aliyesoma historia ya misafara ya pembe na ya watumwa iliyoyalipia majumba ya pwani hii, kisha akatuletea tena marashi na hariri.

Neno lenyewe lingemsaidia. Anasa hutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuzoeana, kuondoleana upweke. Tumelipeleka kwenye vitu, na huko limekutana na fahari hata watunzi wetu hawayatofautishi tena. Miaka ijayo, kadiri vitu vitakavyozidi kuwa rahisi, ninatarajia tofauti ya watu itakuwa zaidi katika saa: nani amiliki saa zake na kukaa na awapendao, na nani aziuze foleni. Nangoja utenzi wa mambo hayo. Kina kiko tayari, tena kile chepesi kuliko vyote: foleni, barabarani, mpakani, forodhani. Hilo la mwisho, wa Unguja hatuhitaji kufasiriwa. Ndipo tunapokwenda jioni kula urojo na kupunga upepo.