Okidi iliyozaa kwenye kikonyo

Okidi yangu ilishuka kutoka Arusha mwezi wa Julai ikiwa na kikonyo kimoja kilichosheheni maua meupe. Ni Phalaenopsis, ile ya maua mapana kama nondo aliyetanua mbawa, asili yake misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia. Hapa Dar es Salaam maua yalidumu zaidi ya miezi miwili, yakapukutika, kikonyo kikabaki kibichi. Sikukikata. Joto la Januari lilipokaza, kifundo kimoja cha kikonyo kikavimba. Nikangoja ua, likatoka jani.

Kwanza nilikagua kiini cha mmea mama, maana mmea unaooza kiini nao huzaa kwenye kikonyo kabla haujafa. Kilikuwa kizima. Basi sababu niliyobaki nayo ni joto. Phalaenopsis huanzisha maua ikipata wiki kadhaa za ubaridi kiasi, chini ya nyuzi 26 hivi. Ikikaa kwenye nyuzi 28 na zaidi, huendelea kuotesha majani tu, na hata macho yaliyolala kwenye kikonyo yakiamka yanaweza kutoa majani badala ya maua. Ubaridi wa Arusha uliipa okidi kikonyo. Joto la Dar likakigeuza kuwa kitalu. Chipukizi la namna hii wapenzi wa okidi huliita keiki, neno la Kihawaii lenye maana ya mtoto, wala halihusiani na keki.

Kwa mtu anayeotesha barazani, hii ni bahati. Phalaenopsis hukua kwa kichwa kimoja kwenda juu, haina shina la kugawa kama mchaichai. Mbegu zake ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, na porini huota zikikutana na kuvu wa kuzilisha. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alionyesha kwamba sukari ndani ya chupa safi inaweza kushika nafasi ya kuvu huyo. Lakini usafi wa chupa zile ni wa maabara. Jikoni kwangu haupo.

Chipukizi la kwanza nililiua mwenyewe. Lilikuwa na majani mawili na mzizi mmoja mfupi kama njiti ya kiberiti. Muuza miche akaniambia nilipande kwenye udongo wa msituni wenye samadi, nikatii. Majani yakalegea, nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Wiki ya tatu nililing'oa: mzizi ulikuwa teketeke, gamba likachomoka mkononi, ukabaki uzi wa katikati.

Gamba hilo ndilo la kulielewa. Mzizi wa okidi hii umeumbwa kushika magome ya miti, na umevikwa tabaka la seli zilizokufa, mfano wa sifongo. Mvua ikinyesha tabaka hilo hufyonza maji upesi, kisha lazima upepo ulikaushe. Likiwa kavu lina rangi ya fedha. Likilowa, ukijani wa ndani huonekana. Kwenye udongo ulioshindiliwa hewa haipiti, mzizi huoza, na majani hulegea kwa kukosa maji huku udongo umelowa chepechepe.

Kifundo cha pili kilipozaa, nilingoja. Miezi mitano, mpaka mizizi ikafika mitatu, mrefu kuliko yote sentimita 6. Hata hapo, leo ningefanya tofauti: ningefunga kopo lenye makumbi chini ya chipukizi likiwa bado kwenye kikonyo, mizizi iingie humo huku mama akiendelea kulilisha, halafu ndipo nikate.

Nilikata kwa wembe mpya. Virusi vya okidi husafiri kwa kisu kutoka mmea hadi mmea na havina dawa, kwa hiyo wembe wa buku haufai kubaniwa. Nilikata sentimita 2 kila upande wa chipukizi, kile kipande cha kikonyo kikawa mpini wa kuushikilia mche usiyumbe. Vidonda nikavipaka unga wa mdalasini, bila kugusa mizizi, kwani huikausha.

Chungu kilikuwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, nimeikata na kuitoboa kwa msumari wa moto. Plastiki angavu inaniwezesha kuona rangi ya mizizi. Ndani niliweka makumbi ya nazi niliyoyakatakata kwa panga, pamoja na vipande vya mkaa. Wengi hukosea kwenye makumbi. Yana chumvi, hivyo niliyaloweka siku tatu nikibadili maji kila asubuhi mpaka wekundu ukapungua. Yale yanayofukiwa ufukweni ili yasokotwe kamba, kama wafanyavyo kina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar, usiyaguse kwa kazi hii: yamekunywa bahari.

Mizizi niliilowesha dakika 10 ili ipindike bila kuvunjika, kisha nikapanda tako la mche likiwa usawa wa makumbi, halikufukiwa. Namwagilia asubuhi, mizizi ikiwa ya fedha tu, na maji yakiingia kwenye kiini nayafuta kwa kitambaa. Mbolea sikuitia mpaka nilipoona ncha mpya ya mzizi, tena robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Mwezi huu ni wa kumi na nne tangu nikate. Mche una majani manne na mizizi sita, miwili imetoka nje ya chupa na nimeiacha ining'inie. Ua halijaja, nao ni mchanga bado. Ukitimiza majani sita utapanda basi mwezi wa Mei kwenda kwa dada yangu Arusha, ukakutane na baridi ya Juni.