Suhuba Yenye Huba Ndani

Neno suhuba na neno huba hayatoki katika shina moja la Kiarabu, lakini katika sikio la Mswahili la pili limo tumboni mwa la kwanza. Ajabu ni kwamba tungo zetu hazijaisimulia vya kutosha safari iliyopo baina ya maneno hayo: marafiki wawili wa umri wa makamo, waliokwisha kuzikiana wazazi na kuleleana wana, wanapotambua kuwa suhuba yao imezaa huba. Mapenzi ya nyimbo zetu aghalabu ni ya vijana, nayo huanzia jichoni. Ya watu wazima huachiwa utani wa barazani.

Katika nchi za Magharibi umeshamiri utanzu unaoweza kuitwa riwaya ya njozi tulivu. Ndani yake yamo majitu na mapepo, lakini hakuna ulimwengu unaookolewa. Kuna moto jikoni, mkate na watu wanaozoeana polepole. Mfano wake mashuhuri ni Legends & Lattes ya Mmarekani Travis Baldree, iliyotoka mwaka 2022. Viv, jitu la kike lililochoka kupigana, anaweka upanga chini na kufungua mkahawa katika mji wa Thune, ambako kahawa haijulikani. Anamwajiri Tandri, kazi inakuwa suhuba, na suhuba inakuwa huba.

Kitabu hiki kina upole wa kweli, na subira yake ni funzo kwa mtunzi yeyote wa mapenzi. Ila kahawa yake ni ya kuliwaza tu. Mkahawa unaungua, marafiki wanaujenga upya. Usuhuba wenyewe haukaribii moto. Msomaji anafunga kitabu ametulia, lakini hakuogopa vya kutosha kuithamini furaha ile.

Kamachumu, wilayani Muleba mkoani Kagera, kahawa haikuhitaji kutambulishwa na jitu. Ni nchi ya migomba na mibuni, magharibi ya Ziwa Viktoria, na Wahaya waliijua buni kabla ya wakoloni kuikuza kuwa zao la biashara. Hawakuinywa, waliitafuna. Matunda yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa. Mgeni akapokewa kwa akamwani kiganjani, kama apokewavyo kwa tambuu huku pwani.

Punje hizo ndizo zilizofunga udugu wa kuchanjiana. Wenye kuapa walichanjwa, punje zikapakwa damu, na kila mmoja akaila yenye damu ya mwenziwe. Tangu hapo rafiki alikuwa ndugu, na kumsaliti lilikuwa jambo la kutisha. Tunda la buni kwa kawaida lina punje mbili, zimelazana bapa kwa bapa katika ganda moja. Mfano huo haungoji mshairi kuufafanua.

Mtunzi atakayewaweka marafiki wake wawili chini ya migomba ya Kamachumu atapata kile ambacho Thune haikumpa Baldree. Kiapo kimewafanya ndugu, na moyo unataka zaidi. Kusema ni kuuhatarisha udugu wa miaka 30. Kunyamaza ni kuutia uwongo. Kijana akikataliwa hupoteza ndoto. Mtu wa makamo humpoteza anayemjua. Wala njozi haitahitaji joka: yatosha punje iliyomezwa ujanani ichipue kifuani, na kila mmoja amfiche mwenziwe majani yake.

Atakayedai kuwa kisa tulivu hakiwezi kubeba kitabu amsome Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilo hilo, ambako Kikerewe ni jamaa wa karibu wa Kihaya. Kisa chake cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, alichokimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kukifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Mume na mke wamekosa mtoto; wakwe wanamchukua binti yao; mume anatakiwa kulipa pombe ya ndizi ili arudishiwe. Kurasa kwa kurasa ni ndizi, mitungi na majirani, na humo humo mna hofu ya kumpoteza mwenzi. Kitereza hakutenga utulivu na hatari. Alijua kuwa nyumba yenye joto ndiyo yenye kuogopewa baridi.

Kwa hiyo utanzu huu wa kigeni usipokewe kwa kunakiliwa. Subira yake na ichukuliwe, mkahawa wake uachwe Thune. Punje ya Kamachumu inatosha, mradi mtunzi asiisahau damu iliyopakwa juu yake.