Watunzaji wa Bustani ya Mimea, Dar es Salaam

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893 ili kujaribu mazao ya biashara. Leo familia huja kupumzika kivulini, chini ya mijakaranda na miti mirefu ya jamii ya mnazi.

Kivuli hicho kina wenyewe. Mtunza bustani huanza kazi jua halijapanda, kwa fagio na toroli. Majani ya jana yakishazolewa, hutazama juu: kuti kavu la mti mrefu laweza kumuumiza vibaya mtoto, hivyo hukatwa kabla halijaanguka. Kupogoa ni kazi ya macho zaidi kuliko panga. Tawi likikatwa vibaya, maji huingia, shina huoza kwa ndani, na kosa huonekana baada ya miaka. Mchwa wanaoshambulia miti nao hawana likizo.

Kiangazi ndicho kigumu zaidi. Miche hunyweshwa asubuhi na jioni, kwa sababu maji mengi ya mchana hukauka kabla ya kufika mizizini. Shina huzungushiwa matandazo, lakini yasiliguse. Masika yakiingia, kazi hugeuka kuwa kung'oa magugu na kuzibua mifereji.

Mzee anayemwonyesha mjukuu wake mti mkubwa huwa anaonyesha pia kazi ya watu waliomwagilia mti huo ulipokuwa mche, bila kutarajia kuketi kivulini mwake. Wanaoutunza sasa huonekana mara chache: wageni wanapofika na mikeka yao, fagio limeshapita.