Msumeno Kwenye Mbuni Mkuukuu

Mbuni uliotelekezwa kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, huficha uchakavu wake. Ukiutazama kwa mbali ni kichaka cha kijani kilichonawiri katikati ya migomba. Inama uingie chini yake: matawi marefu yaliyo uchi, majani nchani tu, na matunda yamejikusanya mahali ambapo mkono haufiki mpaka uupinde mti. Ndivyo kahawa ya arabika ilivyoumbwa. Huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na pingili iliyokwisha kuzaa kwa kawaida hairudii. Kila mwaka mavuno husogea juu na nje, nyuma zinabaki kuni.

Fundi wa kupogoa huushusha mti wote hadi kisiki cha sentimita 30 hadi 45 hivi. Hungoja mavuno yaishe, akawahi masika ya Machi, ili machipukizi yakutane na mvua. Panga huliweka kando kwa sababu hupasua mti. Kwa msumeno huondoa kwanza matawi kupunguza uzito, kisha hutia mkato mfupi upande ambao shina litaangukia, ndipo amalizie kutoka upande wa pili. Shina huanguka bila kuchuna gome. Mkato huwa wa mshazari, uso wake laini, maji yateleze yasituame yakaozesha kisiki.

Wengi husifu ujasiri wa siku hiyo. Mimi navutiwa zaidi na kazi ya miezi inayofuata. Chini ya gome mlikuwa na macho yaliyolala. Yakipata mwanga huamka kwa wingi, maotea yakasongamana kuzunguka kisiki. Mwenye tamaa angeyaacha yote. Fundi huyakagua moja moja: lipi limeshika imara, lipi limekaa karibu mno na ukingo wa mkato hata upepo utalibandua, yapi yameelekea pande tofauti yasije yakanyimana jua. Huacha mawili au matatu, mengine huyabandua kwa kidole gumba yangali teke. Wiki chache baadaye hurudi tena, maana kisiki hakichoki kuchipua.

Muda wote huo mti haumlipi. Utarudi kuzaa vizuri baada ya takriban miaka miwili, ndiyo maana mwenye busara hufufua shamba kwa mafungu, mistari michache kila mwaka, nyumbani pasikose cha kuvuna.

Mtaji wa kazi hii ni mizizi. Imekwisha kushika udongo miaka mingi, wakati mche mpya ungeanza kutafuta maji upya. Fundi anajua kwamba mti hauzeeki wote kwa pamoja, naye hukata pale tu ulipozeeka. Vijana tunawafundisha kupanda miche. Kupogoa nako kunastahili siku zake shambani, kijana ameshika msumeno na mzee yuko pembeni akimwelekeza.