Kinywa cha Maji cha Injini ya Mashua: Uhakiki wa Istilahi za Kijitabu Kimoja

Mwalimu mmoja wa Kingerikiti ametuletea kijitabu cha kurasa chache kilichofungwa pamoja na injini ya mashua iliyonunuliwa na jamaa zake huko Mbamba Bay. Kimeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili sambamba, na sehemu yake ndefu kuliko zote yahusu njia ambayo injini hupata maji ya kuipoza. Mwalimu anauliza swali fupi: je, Kiswahili hiki kitaeleweka na mtu atakayeshika usukani? Kingerikiti haiko ufukoni. Iko milimani, katika Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na ile ya Mbinga mwaka 2012. Lakini watu wake huteremka ziwani, na waendao Liuli au Lituhi kwa njia ya maji hupanda vyombo vinavyosukumwa na injini za namna hiyo. Jina la mtengenezaji hatulitaji, kwa kuwa makosa tutakayoyaonyesha twayaona katika maandishi mengi ya ufundi, pengine hata katika yetu wenyewe.

Yafaa kwanza kukieleza kitu chenyewe. Injini ya gari hupozwa kwa maji yale yale yanayozunguka na kurudi katika rejeta. Injini inayoangikwa tezini mwa mashua kwa kawaida haina rejeta. Huyatwaa maji ya ziwa, huyapitisha kandokando ya silinda, kisha huyatupa tena ziwani. Maji huingia kwa matundu yaliyo ubavuni mwa mguu wa injini, karibu na rafadha, ambayo wengi huiita pangaboi. Huvutwa na bomba lenye gurudumu la mpira, hupanda juu, na sehemu yake ndogo hutoka nyuma kama uzi wa maji ambao nahodha mwangalifu hautoi machoni. Matundu yakizibwa na majani au mfuko wa plastiki, uzi ule hukatika, gurudumu la mpira huzunguka kavu na kuungua, na injini isipozimwa mapema hukwama. Ziwa Nyasa lina kina kinachofikia kama mita 700, na siku upepo wa mwera unapovuma mashua iliyofiwa na injini haina namna ya kuyakabili mawimbi kwa omo. Basi neno moja katika kijitabu hiki si jambo la kuchezea.

Kijitabu kinamwamuru mtumiaji ahakikishe kwamba "ulaji wa maji" haujaziba. Ni dhahiri mfasiri ametazama neno la Kiingereza lililo mbele yake, akalipima katika kamusi, akachukua maana ya kwanza. Neno lile kwa Kiingereza hubeba mambo matatu kwa pamoja: tendo la kuingiza, mahali pa kuingizia na kiasi kinachoingia. Kiswahili hakina desturi hiyo. Ngeli zetu na viambishi vyetu hutulazimisha kuchagua: *ulaji* ni tendo au tabia ya kula, na tendo haliwezi kuziba. Kinachoziba ni tundu. Msomaji ataitafuta sehemu iitwayo "ulaji" katika mchoro wa injini, naye hataiona, maana hakuna awezaye kuchora ulaji.

Katika ukurasa wa pili mfasiri amehisi tatizo, akaandika "tundu la maji". Hapa kuna hatari kubwa zaidi. Mashua nyingi za mbao zina tundu chini kabisa ya chombo, la kutolea maji ya ngama chombo kinapokuwa pwani, nalo huzibwa kwa kizibo ambacho mabaharia wa mwambao hukiita nguruzi. Mtu aliyezaliwa na mashua ya namna hiyo, akiamriwa kufungua na kusafisha tundu la maji kabla ya safari, atashika nini kwanza? Hatupendi kuikamilisha picha hiyo.

Sisi twapendekeza *kinywa cha maji*, au kwa ufupi *kinywa*, pale panapokusudiwa mahali. *Unywaji wa maji* pale panapokusudiwa tendo. Na kwa kiasi, maneno ya kawaida yatosha: *kiasi cha maji yanayoingia*. Shina ni -nywa, na hakuna dereva asiyesema kwamba gari fulani linakunywa mafuta mno. Wapo watakaosema kinywa ni cha binadamu. Lakini Kiswahili kimekwisha kuzipa ala viungo vya mwili siku nyingi: chupa ina shingo, msumeno una meno, meza ina miguu. Wengine watapendelea *mdomo*. Tulilifikiria neno hilo, tukaliacha kwa sababu ya birika: mdomo wa birika ndiko maji yatokako, nasi twahitaji neno la mahali yaingiapo.

Sehemu iliyotuchukua muda mwingi ni ile inayohusu mashua ziendazo kasi. Kijitabu kinaeleza aina mbili za mguu wa injini. Ya kwanza ni ile ya matundu ya ubavuni tuliyoieleza. Ya pili, kwa maneno ya kijitabu, ni yenye "ulaji wa maji kidogo". Tulipoisoma mara ya kwanza tuliamini, kama atakavyoamini mnunuzi yeyote mwenye akili timamu, kwamba ni aina inayotumia maji machache, yaani yenye ubanifu, au labda iliyotengenezwa kwa ajili ya maji haba ya kando ya ufuko. Tulipotazama Kiingereza tuliona neno lenye maana mbili, "kidogo" na "chini". Mfasiri amechukua ile isiyohusika. Kilichokusudiwa ni kinywa kilichowekwa *chini*, sehemu ya mbele ya mguu wa injini, kikiyaelekea maji yajayo.

Sababu ya kukiweka huko yaeleza kwa nini kosa hili ni zito. Mashua ya kasi hupandishiwa injini yake juu, ili mguu usivute maji mengi na kuipunguzia mwendo. Hapo matundu ya ubavuni hukaribia uso wa maji, mahali palipojaa povu, na bomba huvuta hewa badala ya maji. Kinywa cha mbele na chini hubaki ndani ya maji mazima, na mwendo wenyewe huyasukuma maji ndani. Msukumo huo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: mashua iendayo mita 10 kwa sekunde hupata msukumo uwezao kuyapandisha maji kiasi cha mita 5, na ikienda mita 20 kwa sekunde, kiasi cha mita 20. Kwa hiyo kinywa kinachoitwa cha "maji kidogo" chaweza kusukumiwa maji mengi kupita mahitaji ya injini, hata ikalazimu kuwekewa vali ya kuyapunguza. Na aliyekinunua kwa kudhani kimetengenezewa maji haba, akakipeleka polepole juu ya mchanga wa ufukoni, atakuwa amekishusha kinywa mahali pale pale palipo na mchanga wa kusaga gurudumu la bomba.

Twapendekeza basi *kinywa cha ubavuni* na *kinywa cha chini*. Ni maneno mepesi, wala hayahitaji kamati.

Kosa la tatu si la mfasiri peke yake. Kijitabu kinaagiza injini ioshwe kwa "maji baridi" kila baada ya safari. Katika Kiswahili cha kawaida, hasa cha idara za uvuvi, maji baridi ni yale yasiyo ya chumvi, nalo ni neno zuri na la zamani. Lakini katika maandishi ambayo kila sentensi yahusu joto na kupoza, msomaji ataelewa maji yasiyo moto, na mvuvi wa Kilwa akisoma hivyo ataiosha injini kwa maji ya bahari yaliyopoa usiku kucha, akiiachia chumvi iendelee kuila. Kwa maandishi ya aina hii iandikwe waziwazi *maji yasiyo na chumvi*. Kule Mbamba Bay agizo lenyewe halina maana kubwa, kwa kuwa ziwa zima halina chumvi; mfasiri mwenye ujasiri angeongeza neno moja la kusema hivyo.

Kuhusu *kupoza* na *kupooza* tutasema machache. Kijitabu chatumia "mfumo wa kupooza injini". Kwa wasomaji walio wengi kupooza ni maradhi ya viungo, na injini iliyopooza ni ile isiyowaka. Irabu moja ipunguzwe.

Haki yake mfasiri tumpe. Ameandika "gurudumu la mpira la bomba" mahali ambapo wengi wangeokota neno la kigeni na kulipachika irabu mwishoni, na maelezo yake juu ya uzi wa maji utokao nyuma ni safi kabisa. Ni dhahiri kwamba alipokitazama kitu aliandika vizuri, na alipolitazama neno aliteleza. Utaratibu wa Baraza wa kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za nchi, ndipo katika za kigeni, haujampa mtu ruhusa ya kuanza bila kuiona injini. Wala tusidhani ufuko huu ni mgeni wa mitambo: meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa Liuli, iliyoitwa nao Sphinxhafen, iliposhambuliwa na Gwendolen ya Waingereza Agosti 1914.

Tumemwomba mwalimu azichukue istilahi hizi tatu, *kinywa cha ubavuni*, *kinywa cha chini* na *maji yasiyo na chumvi*, azisome mbele ya mafundi wa Mbamba Bay bila kuwaeleza chochote, kisha awaombe waonyeshe kwa kidole kila moja iko wapi au inatoka wapi. Wakionyesha pengine, tutayaondoa mapendekezo yetu katika toleo lijalo.